KHABARI ZA MVUA NA TUFANI: JE, KUZISADIKI NI SHIRKI?

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, azipelekaye pepo na kuyakusanya mawingu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Katika mambo yanayowapotezea watu wetu roho na mali mwaka baada ya mwaka ni kutojua namna ya kuipokea khabari ya hali ya hewa. Yatangazwa kuwa mvua kubwa inakuja, au kuwa tufani imeonekana baharini, na papo hapo mabaraza yetu hugawanyika. Huyu asema kuwa kuisadiki khabari hiyo ni kufuru, kwani ghaibu haijui ila Mungu. Yule acheka na kusema kuwa mara ya kwanza walisema haikuja, na mara ya pili walisema haikuja. Wa tatu haulizi lolote; hutangaza katika simu yake kila alicholetewa, kiwe cha kweli au cha uzushi. Mwishowe maji huja, na mayatima hubaki.

Tumeletewa suala juu ya jambo hili na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye biashara yake ipo Illasit, katika Kajiado, chini ya Mlima Kilimanjaro, mahali ambapo mtu akivuka mpaka yupo Tarakea katika nchi ya Tanzania. Kazi yake ni kununua nyanya na vitunguu vya mashamba ya maji na kuvipeleka Kongowea. Asema kuwa mkwewe, mama wa mkewe, ana nyumba Kitengela karibu na mto. Mto Athi ulipofurika mwanzo wa Mei 2024, na watu wa Kitengela wakawa wanaokolewa kwa mashua, bibi huyo alitoka maji yakiwa yamekwisha mfika magotini, na wajukuu wawili wamo mikononi mwake. Sasa amekwisha rudi. Kila yakitangazwa matangazo ya mvua ndugu yetu humpigia simu ahame kwa muda, naye humjibu kuwa ajali haikimbiliki, na kuwa mwalimu mmoja amemfunza ya kwamba mwenye kusadiki watabiri sala zake hazikubaliwi siku arubaini. Basi atuuliza: je, mwalimu huyo amesema haki? Na je, yeye ana dhambi akimshikilia mkwewe ahame?

Suala hili si dogo, na jawabu yake haiwezi kuwa ya neno moja.

Kwanza twapenda kusema kuwa sehemu ya ugomvi huu imetokana na neno lenyewe. Sisi Waswahili twasema *utabiri*, na neno hili asili yake ni Kiarabu, nalo ni kufasiri ndoto, ile ilimu aliyopewa Nabii Yusuf, alayhi salamu. Kisha katika ndimi zetu likapanuka mpaka likawachukua wapiga ramli, wenye kutazamia nyota, na maofisa wa hali ya hewa, wote katika kapu moja. Waarabu wenyewe leo khabari ya hewa huiita *tawaqquat*, yaani yanayotarajiwa. Lau na sisi tungaliita matarajio, pengine nusu ya magomvi yangalikwisha. Lakini neno limekwisha kaa, wala hatuna nguvu za kuling'oa. Lililo wajibu ni kujua kuwa kufanana kwa jina si kufanana kwa hukumu.

Ama hadithi aliyoitaja mwalimu yule, ni hadithi sahihi iliyopokewa na Muslim, na maana yake ni kumkataza Muislamu kumwendea *arrafu*, mtu adaiye kuyajua yaliyofichika. Hatuipunguzi wala hatuipindui. Lakini twamuuliza: huyo arrafu ni nani? Ni yule asiyekuwa na dalili aliyoiona. Ukimuuliza umejuaje, hukutajia jini, au kitabu asichokifungua mbele ya mtu, au kombe na mchanga. Akikosea husema hukutimiza masharti, ulileta kuku mwekundu badala ya mweusi. Na mtu wa hali ya hewa je? Yeye huukuta upepo umekwisha vuma akaupima, bahari imekwisha pata joto akaipima, na wingu limekwisha zaliwa akaliona kwa chombo kilicho juu ya anga. Hakutoa khabari ya kisichokuwapo; ametoa khabari ya kilichopo mbali kinachokuja. Akikosea, kosa lake huandikwa na wenziwe na kuhesabiwa. Je, mtu aliyesimama juu ya mnara wa ngome akaona jahazi kabla yetu tuliopo chini, tutasema amejua ghaibu?

Watu husimama juu ya aya ya mwisho ya Sura ya Luqman, ambayo yataja mambo matano ambayo ilimu yake ipo kwa Mungu, na mojawapo ni kuteremsha mvua. Nasi twaiamini aya hiyo kama tunavyoiamini Qur'ani yote. Lakini Qur'ani hiyo hiyo, katika Sura ya Al-Aaraf, yatufunza kuwa Mwenyezi Mungu huzituma pepo ziwe bishara mbele ya rehema yake. Basi yeye mwenyewe Subhanahu ameweka alama kabla ya mvua, na mwenye kuisoma alama hakuingia katika ghaibu. Ilimu ya hakika isiyokosea, ya kila tone, wapi litaanguka na saa gani, na litakuwa la rehema au la adhabu, hiyo ni ya Mungu peke yake, na hakuna mtaalamu yeyote mwenye akili aliyeidai. Ndiyo maana wao husema asilimia sitini, asilimia sabini. Mpiga ramli hajawahi kusema asilimia.

Na hadithi ya Zaid bin Khalid al-Juhani, iliyomo katika Bukhari na Muslim, yatuonyesha mpaka wenyewe uko wapi. Ilinyesha usiku huko Hudaybiya, na asubuhi Mtume, sala na salamu zimshukie, akawapa sahaba zake khabari ya kuwa waja wameamka makundi mawili: waliosema tumepata mvua kwa fadhila ya Mungu, na waliosema tumepata mvua kwa nyota fulani. Kilichokataliwa hapo ni kuipa nyota kazi ya Mungu. Mtu akisema kuwa joto la bahari ndilo liletalo mvua kwa nguvu zake lenyewe, huyo amekosea kama wale walivyokosea. Akisema kuwa Mungu ameifanya bahari yenye joto kuwa sababu, kama alivyoufanya moto kuwa sababu ya kupikika chakula, amesema lile tunalolisema sote kila siku jikoni mwetu.

Isitoshe, wazee wetu wa pwani hawakungoja ofisi yoyote kuwafunza haya. Mwaka wetu wa Nairuzi tuliuhesabu kwa miongo, kumi kumi, na nahodha aliyetoka Mombasa na kusi kwenda Arabuni alijua mwongo gani ni salama na mwongo gani huvunja majahazi. Ahmad bin Majid wa Julfar, mwanachuoni wa bahari, aliandika vitabu vizima juu ya nyota na misimu ya pepo katika karne ya kumi na tano ya miladi, na hatujasikia mtu aliyemkufurisha. Na methali yetu yasema kuwa kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wamasai wa huko Illasit nao wana jina lao la nyota hizo hizo, na wazee wao huzitazama zikizama magharibi ili wajue mvua za masika zimekwisha. Hiyo ni tajriba ya vizazi, nayo ina heshima yake. Ama yule mganga wa mvua atakaye mbuzi kwanza, huyo ni mlango mwingine. Na wale wanaozungusha ng'ombe mjini kufukuza balaa hawakutuuliza rai yetu safari hii, nasi tumekwisha kuitoa mara nyingi.

Sasa twaingia katika jambo ambalo twaona ndilo shina, nalo ni *dhana*. Watu wetu hudhani kuwa khabari ni mbili tu: ya kweli ifuatwayo, na ya uongo itupwayo. Kwa hivyo wakisikia asilimia sitini hucheka: ati hata wao wenyewe hawajui! Lakini ewe ndugu msomaji, hebu itazame dini yako. Ukiwa safarini usiku na hukioni kibla, wanavyuoni wamekuamuru ujitahidi kwa alama, ufuate dhana yenye nguvu, na uswali; wala hukuambiwa uache sala mpaka upate yakini. Kadhi huhukumu kwa mashahidi wawili, naye ajua kuwa mashahidi waweza kukosea. Hadithi nyingi tuzifuatazo zimepokewa na mtu mmoja kutoka kwa mtu mmoja, na wanavyuoni wakazipima kwa sanadi, wakasema hii yatosha kutenda na hii haitoshi. Sharia karibu nzima ya matendo yetu yaenda juu ya dhana yenye nguvu. Basi vipi mtu aliyeridhika na dhana katika kibla cha sala yake akatae dhana katika mafuriko ya nyumba yake?

Na maana ya asilimia sitini ni hii: misimu kumi iliyofanana na huu ikikusanywa, katika sita mvua ilipita kiasi, na katika minne haikupita. Mtu akisema hivyo na mvua isipite kiasi, hakusema uongo. Msimu umeangukia katika ile minne. Ni mtu gani mwenye akili ajengaye mtoni kwa kutumaini minne katika kumi?

Kwa kuwa sisi ni watu wa haki, hatutaki kuwaonea wenye shaka. Wana hoja, na hoja zao zina tarehe. Mwezi wa Aprili 2019 watu wa Mtwara waliambiwa wahame kwa sababu ya tufani iliyoitwa Kenneth. Wakahama, na Mtwara ikasalimika. Mwezi wa Aprili 2021, katika Ramadhani, Dar es Salaam na Unguja zilitiwa khofu na tufani Jobo, nayo ikadhoofika baharini ikafika kama upepo wa kawaida. Na mwaka 2015 watu wa Kenya waliambiwa El Niño yaja, kila mtu akakumbuka ile ya 1997 iliyobomoa madaraja, na serikali ikatenga fedha; lakini mvua hazikufika kiasi kile. Tangu siku hizo neno El Niño limekuwa la mzaha katika mabaraza ya Mombasa.

Lakini zitazameni vizuri. Kenneth haikupotea. Iliipiga Ngazija kwanza, kisha mnamo tarehe 25 Aprili ikaingia nchi kavu Cabo Delgado katika Msumbiji, kama kilomita 200 tu kusini ya Mtwara, kwa upepo wa kilomita 220 kwa saa, na zaidi ya watu 40 wakafa. Kisiwa cha Ibo, chenye misikiti na jamaa zetu, kilibaki kuta. Kosa la kuijua njia ya tufani siku tatu kabla laweza kuwa la maili mia na zaidi, na maili mia hiyo ndiyo iliyokuwa baina ya Mtwara na msiba. Wale waliorudi Mtwara wakicheka walikuwa wakiicheka salama waliyopewa.

Na El Niño ya 2015 ina sababu iliyokwisha elezwa. Mvua zetu za vuli hazifuati bahari ya Pasifiki peke yake. Zafuata pia Bahari yetu ya Hindi. Upande wetu ukipata joto na upande wa Sumatra ukapoa, mvua huja kwa wingi. Mwaka 1961, ambao wazee wetu wengi waliukumbuka kwa mafuriko, jambo hilo lilitokea. Na 1997 likatokea pamoja na El Niño kubwa. Na 2019 likatokea bila ya El Niño ya kutajika, na mafuriko yakawapo vile vile. Mwaka 2015 upande wa Bahari ya Hindi haukutia nguvu yake. Wataalamu walijifunza kutokana na hayo. Wacheshi wa barazani hawakujifunza.

Mwisho wa hoja hizo ulikuja mwezi wa Mei 2024. Tufani Hidaya, na jina hilo kwa upepo wa namna ile ni la kushangaza, ilionekana kusini, Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ikatoa onyo, vyombo vya abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja vikasimamishwa, na tarehe 4 ikaingia Mafia. Barabara ya Lindi ikakatika kwa mafuriko. Ilikuwa Mei, wakati ambao wengi waliitakidi kuwa msimu wa tufani umekwisha, kwani hesabu ya kawaida ni tangu Novemba hata mwisho wa Aprili. Na wengi waliitakidi pia kuwa tufani haziji kwetu kabisa. Jambo hili lina asili ya kweli: tufani huhitaji bahari ya joto la digrii 26 au 27, nayo tunayo, lakini huhitaji pia mzunguko wa ardhi uipindishe, na karibu na ikweta mzunguko huo ni dhaifu. Ndiyo sababu Mombasa, iliyo katika digrii ya nne kusini, ina kinga kuliko Mafia iliyo karibu na ya nane. Lakini kinga si hirizi. Unguja, katika digrii ya sita, ilipigwa tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, mikarafuu ikang'oka karibu yote, na majahazi na marikebu za Sultani zikaangamia bandarini. Na tangu hapo Pemba, iliyosalimika, ikawa ndiyo mama wa karafuu. Lindi ilipigwa mwaka 1952. Watu wa Unguja wa 1872 hawakuwa na wa kuwaonya. Sisi tunaye, na twamcheka.

Hata hivyo lawama si ya wasikilizaji peke yao. Msemaji naye ana amana. Mwezi wa Oktoba 2023, baada ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kuwa imekwisha kueleza kuwa mvua zitapita kiasi, Rais William Ruto alitangaza kuwa ile El Niño ya maangamizi haitakuja tena. Katika tangazo hilo hilo alisema mvua zitakuwa nyingi kuliko kawaida, lakini watu walilishika neno moja na kuliacha la pili, kwani moyo hulishika lile ulipendalo. Mwezi uliofuata mafuriko yakaua zaidi ya watu 100, na kaskazini na pwani ndiko kulikoteseka khasa. Kisha masika ya 2024 yakachukua karibu watu 300 katika Kenya nzima, na makumi kati yao walifia Mai Mahiu usiku mmoja wa Aprili. Khabari ya namna hii haitaki kupokezanwa na ndimi nyingi. Wanavyuoni wa hadithi walikuwa wakiuliza: umeipokea kwa nani, na yeye kwa nani? Nasi tuulize hivyo hivyo. Onyo lisilo na tarehe wala jina la ofisi iliyolitoa, hata likiletwa na ami yako katika simu, halina sanadi.

Na kuna walio na shaka kwa sababu nyingine kabisa. Tarehe 14 Desemba 2024 tufani Chido iliipiga Mayotte, ambayo wenyewe huiita Maore. Onyo lilitolewa mapema. Lakini wengi waliokaa katika vibanda vya mabati ni watu waliotoka visiwa vingine vya Komoro bila ya karatasi, na walipoambiwa waende katika majumba ya hifadhi waliogopa kuwa ni mtego wa kuwakamata na kuwarudisha kwao. Hao hawakumkadhibisha mtaalamu wa upepo. Walimkhofu polisi. Serikali yoyote itakayo kusadikiwa siku ya tufani yapasa isadikike siku nyingine zote.

Turejee kwa mkwe wa ndugu yetu, na neno lake la kuwa ajali haikimbiliki. Neno hili ni la haki likitiwa pahali pake, na ni la maangamizi likitiwa pasipo pake. Sayyidna Umar, radhi za Mungu zimshukie, alikuwa akienda Sham na majeshi yake akapata khabari kuwa kumeingia tauni. Akaazimu kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, na akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka nao bondeni, upande mmoja una malisho na upande wa pili ni mkavu: akiwalisha huku au kule, si yote ni kwa kadari? Wafugaji wa Illasit wataufahamu mfano huu kuliko sisi watu wa mitaa. Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano kwa kufuatana, jambo lisilokumbukwa na walio hai. Kituo cha IGAD kiitwacho ICPAC, ambacho makao yake yapo Ngong katika Kajiado hiyo hiyo, kilionya msimu baada ya msimu. Baadhi ya wafugaji waliuza sehemu ya ng'ombe wakiwa bado wana nyama, wakanunua chakula na kuwanusuru waliobaki. Wengi walingoja, kwani ng'ombe kwao ni heshima, na ni nani awalaumuye? Mwisho mnyama aliyekonda hakuwa na wa kumnunua, na mizoga ikajaa kando ya barabara. Nabii Yusuf hakuwaambia watu wa Misri kuwa njaa inakuja, kisha akanyamaza. Aliwaamuru waiache nafaka katika masuke yake ili isioze, na wale kidogo kidogo. Khabari na tendo vilikwenda pamoja.

Kwa hivyo jawabu yetu kwa ndugu yetu ni kuwa hana dhambi kumshikilia mkwewe, bali ana thawabu, maadamu amefanya kwa adabu. Asimpigie simu, simu haimhamishi mtu mzima katika nyumba yake. Ende mwenyewe, akae naye, amsikilize kwanza, kwani pengine khofu yake ni wezi watakaoingia nyumba ikiwa tupu, na hiyo ni khofu ya haki iwezayo kutafutiwa mlinzi. Amhadithie kisa cha Umar. Akikataa kabisa kwa nafsi yake, hawezi kumbeba kwa nguvu. Lakini wajukuu wawili wana baba, na baba yao ana wilaya juu yao. Hao wahamishwe onyo litokapo, na kwa yakini bibi atawafuata watoto.

Limebaki neno juu ya mabadiliko ya hali ya anga, kwani barua yake yasema kuwa huko Illasit watu hubishana juu yake kuliko juu ya siasa. Wengine wasema dunia ni ya Mungu, nani awezaye kuiharibu kwa moshi? Ajabu ni kuwa wenye kusema hivyo huisoma Sura ya Ar-Rum, iliyotaja ufisadi kudhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280 katika milioni kabla ya viwanda; leo imepita 420. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyopimwa, zaidi ya digrii moja na nusu juu ya zama kabla ya viwanda. Hayo yamepimwa, hayakuaguliwa. Na mtu wa Illasit ana shahidi mbele ya macho yake kila asubuhi isiyo na mawingu: barafu ya Kilimanjaro, ambayo baina ya 1912 na 2007 ilipungua kwa kadiri ya asilimia 85.

Lakini tuwe waadilifu. Wataalamu wamekhitilafiana ni sehemu gani ya barafu hiyo imeondoshwa na joto na sehemu gani na ukavu wa hewa ulioanza zamani. Na hesabu zao nyingi zasema kuwa mvua za Afrika Mashariki zitaongezeka, hali masika yetu yalikuwa yakipungua tangu miaka ya 1980; wao wenyewe wameliandika jambo hili na wanalichunguza. Wala tufani moja si dalili ya kitu, kwani ile ya 1872 ilikuja hapajakuwa na motokaa hata moja. Mwenye shaka akisimama katika mambo hayo, amesimama pahali wanaposimama wenye ilimu. Akitoka hapo akaenda kusema kuwa yote ni hila ya Wazungu ya kutuuzia dawa, twamtaka atuletee hoja, nasi tutaichapa.

Vijana wa darasa yetu wameuliza mambo mawili. La kwanza: je, yafaa kuswali sala ya kuomba mvua hali ofisi imekwisha sema kuwa msimu utakuwa mkavu? Jawabu ni kuwa yafaa, na khasa wakati huo, kwani dua huombwa katika shida, na asilimia si amri juu ya Mwenyezi Mungu. Na wakati wa mvua za kupita kiasi wasisahau kisa alichokihadithia Anas bin Malik: mtu aliingia msikitini siku ya Ijumaa akashitakia ukame, Mtume akaomba, ikanyesha wiki nzima, Ijumaa ya pili akaja mtu akashitakia kuwa mali zinaangamia na njia zimekatika, naye akaomba mvua iwe pembezoni mwao isiwe juu yao.

La pili: je, onyo la mvua na tufani laweza kusomwa msikitini? Twaona lisiingizwe ndani ya khutba, bali lisomwe baada ya sala, kabla watu hawajatoka, na msomaji ataje ofisi iliyolitoa na tarehe yake. Kisha libandikwe mlangoni pamoja na ile karatasi ya saa za sala, ambayo nayo ni hesabu ya wanafalaki na hakuna aliyewahi kuiita shirki. Huko Illasit na Kitengela lisomwe kwa Kiswahili na kwa Kimasai. Na muda wake ukipita lilotangulia libanduliwe, kwani tumeuona msikiti mmoja hapa mjini ambao mlangoni pake mna onyo la mvua la mwaka juzi, na chini yake vijana wamekaa wakilisomeana kwa mzaha.